Maswali yenu: Tulienda Ngong na hatukuona mnyama hata mmoja

Barua za mwezi huu karibu zote ni za kutembea, nadhani ni vile mvua imeisha na watu wamechoka kukaa ndani. Zile zinafanana nimejibu moja kwa niaba ya zote, kwa hivyo usipoona yako soma za wenzako, jibu lako liko humo.

*

"Mwalimu shikamoo. Sisi ni chama ya wamama hapa Donholm. Badala ya kukaa kwa nyumba ya mtu kila mwezi tulisema safari hii twende Ngong Hills tutembee tuone wanyama, tukachanga, tukakodisha matatu, tukafika kama saa nne na nusu. Upepo ulikuwa mwingi na mandhari ni mazuri sitakataa, lakini wanyama tulioona ni ng'ombe na mbuzi, hayo mengine ni nyasi na zile mashine za stima. Sasa wenzangu wananiuliza mimi katibu pesa yao ilienda wapi. Kwani watu huona nini huko?"
Katibu wa chama, Donholm

Marahaba dada. Waambie wenzako pesa haikupotea, wanyama walikuwepo, shida ilikuwa ni saa mliyofika na vile mlitembea. Saa nne na nusu jua limeshapanda, ndege wengi wamekula wakashiba wakatulia, na ule upepo wa Ngong ukishaanza kuvuma kipepeo hawezi kuruka, anashikilia jani huko chini akingoja. Alafu nyasi si kama msitu. Msituni mnyama anajificha nyuma ya kitu, kwa nyasi anajificha kwa kulala chini na kutulia tuli, na watu wakipita wanaongea wanampita hapo hapo miguuni bila kujua. Kuna ndege anaitwa kipozamataza, mgongo wake una rangi ya udongo na nyasi kavu, huyo haruki mpaka ukaribie kumkanyaga, na akiruka watu wengi husema tu ah ni kandege na kuendelea na stori.

Safari ijayo mfike mapema, mara tu geti linapofunguliwa, na muombe pale getini renja wa kuwasindikiza manake ukishapita vilima vya kwanza kuna sehemu za upweke, na kwa vichaka nyati huwa wanatokea. Alafu mgawane kazi. Hii ndio faida ya kwenda kikundi na watu wengi hawaitumii, wanatembea wote wakiangalia mgongo wa aliye mbele. Mmoja aangalie juu angani tu, mmoja aangalie ncha za nyasi, mmoja aangalie chini kwa njia, mmoja asiangalie kitu, asikilize, na mmoja aandike. Mkitembea kidogo mnasimama dakika mbili tatu kimya kabisa, alafu mnabadilishana. Mtashangaa. Yule wa juu ataona mwewe mmoja mweusi mgongoni mwenye mkia mwekundu kama matofali, huyo kwa vilima vya Ngong ni mwenyeji, anakaa juu ya upepo bila kupiga mabawa akitafuta panya. Na yule wa chini akiinama vizuri ataona njia za hao panya zenyewe, vijia vyembamba vimepita katikati ya mashina ya nyasi, nyasi zimekatwa fupi fupi kwa meno.

Alafu kuna jambo moja napenda kila kikundi kifanye, mbebe kamba ya mita nne, muiweke chini iwe mraba wa mita moja kila upande, mpige magoti kuuzunguka mraba huo robo saa bila kuinuka. Mhesabu aina za mimea tu, hata kama hamjui majina, hii ina jani jembamba, hii ina manyoya, hii ina ua la njano. Mtaanza mkisema ziko tatu na mtamaliza mkibishana kama ni kumi na tano ama kumi na nane. Na mkipata ile nyasi nyekundu nyekundu ambayo imejaa nyanda zetu za Nairobi na Kajiado, Themeda triandra ndilo jina lake la kitaalamu, chukueni mbegu moja kavu. Ina mkia mweusi mrefu uliosokotwa. Iweke kwa kiganja uidondoshee tone la maji na ungoje, mkia unaanza kujisokotoa wenyewe taratibu, mbegu inazunguka mkononi mwako kama imepata uhai. Hivo ndivyo inavyojipanda, umande ukiingia inazunguka upande huu, jua likikausha inazunguka upande ule, na ncha yake iliyochongoka inaingia ardhini kidogo kidogo bila mtu kushika jembe. Mtu akiona hiyo kwa mkono wake mwenyewe hawezi tena kusema ni nyasi tu.

*

"Mwalimu, habari ya kazi. Binti yangu ni nesi huko Brighton, Uingereza, na amenitumia tiketi niende mwezi wa saba nimuone mjukuu. Ananiambia wako na kikundi hutembea kwa vilima wikendi kuangalia wadudu na ndege, na kwamba nyasi za huko zimeota juu ya mawe ya chaki na watu wanazichukulia kama hazina. Mimi nimezaliwa Kajiado, nimechunga ng'ombe tangu utotoni, nyasi nazijua. Chaki inaoteshaje nyasi? Na nitaona mnyama gani huko ambaye si sungura?"
Mzee, Kiserian

Shikamoo mzee wangu, na hongera ya mjukuu. Barua yako imenifurahisha sana, manake wewe ndiye utaelewa ile nyasi haraka kuliko wageni wengi wanaopelekwa pale, na nitakueleza kwa nini.

Chaki ya huko ni mwamba mweupe laini, ukiuparuza na kucha unatoa unga. Zamani sana, kati ya miaka milioni 100 na milioni 66 iliyopita, pale palikuwa sakafu ya bahari, na vijimea vidogo vya baharini visivyoonekana kwa macho vilikuwa vikifa na magamba yao yakishuka chini, mamilioni ya miaka, mpaka yakawa mwamba wa mamia ya mita. Muombe binti akupeleke Seven Sisters, upande wa mashariki wa Brighton, hapo bahari imeukata mlima na utaona chaki yenyewe imesimama wima, nyeupe pe, na kule juu kabisa kuna utando mwembamba wa udongo na nyasi. Ule wembamba ndio siri yenyewe. Udongo ni kidogo, maji yanapita chini haraka, chakula cha mimea ni haba, kwa hivyo hakuna nyasi moja yenye nguvu inayoweza kukua ikafunika zingine. Kila kamea kadogo kanapata nafasi yake. Kwa mraba wa mita moja, ule ule niliowaambia wamama wa Donholm, kwa nyasi nzuri ya chaki wanaweza kuhesabu aina 40. Na ukitaka kuiua nyasi hiyo huhitaji sumu, tia mbolea tu, nyasi chache zenye nguvu zitapanda juu na vile vidogo vyote vitakosa jua. Mashamba mengi ya aina hiyo yalipotea hivo Uingereza karne iliyopita, yakalimwa na kutiwa mbolea, sasa yamebaki vipande vipande kwenye miteremko ambayo trekta haifiki. Ndio maana wanaita hazina, na mimi nakubaliana nao kabisa.

Mwezi wa saba utakuwa umefika wakati mzuri sana. Angalia vipepeo vidogo vya bluu hafifu vinavyoruka chini chini, dume ndiye wa bluu na jike ni wa kahawia. Waingereza wanamwita Chalkhill Blue. Kiwavi wake anakula mmea mmoja tu, jamii ya kunde, wenye maua ya njano, na mmea huo unapenda udongo wa chaki, sasa ukiondoa mmea umeondoa kipepeo. Na huyo kiwavi hayuko peke yake, sisimizi wanamzunguka wakimlinda kwa sababu anawatolea maji matamu mgongoni. Hao sisimizi nao utaona nyumba zao, vichuguu vidogo vya duara vimeota nyasi juu. Usikalie kichuguu mzee wangu, hata kama umechoka. Vingine vina umri mkubwa kuliko binti yako, na ukikuta mteremko umejaa vichuguu jua kwamba plau haijawahi kupita hapo kwa muda mrefu sana, ndivyo wenyeji wanavyosoma historia ya shamba bila kuuliza mtu.

Kama kikundi kitawapeleka Castle Hill, hifadhi iliyo karibu na Brighton, waulize kuhusu panzi mmoja mkubwa wa kijani mwenye madoa, Decticus verrucivorus. Huyo amebaki sehemu chache sana Uingereza. Zamani huko Sweden watu walikuwa wanamshika wanamweka juu ya chunjua ya ngozi aing'ate, wakiamini itapona. Anataka nyasi fupi ya kuota jua na nyasi ndefu ya kujificha, zote mbili mahali pamoja, kwa hivyo wanaotunza pale wanapanga malisho kwa ajili ya panzi, na mimi naheshimu sana watu wa namna hiyo. Na ukisikia ndege anaimba juu bila kunyamaza na ukitafuta humuoni, tafuta kadoa keusi juu sana mawinguni, huyo ni ndugu wa kipozamataza wetu, anapanda akiimba, anaimba akiwa juu, na anashuka akiimba.

Sasa hapa ndipo wewe mfugaji utawafundisha. Nyasi ile imedumu kwa sababu ya kondoo. Miaka mingi sana wachungaji walipeleka kondoo milimani mchana, midomo ikaifanya nyasi fupi, na sungura wakasaidia. Mwaka 1953 ugonjwa wa sungura unaoitwa miksomatosi ulifika Uingereza ukaua karibu sungura wote, na kondoo walikuwa wameshapungua, basi nyasi ikapanda, vichaka vikaingia. Kulikuwa na kipepeo mkubwa wa bluu, Large Blue, ambaye kiwavi wake anaanza kula maua kisha anaanguka chini na kuwadanganya sisimizi wa aina moja, wanamchukua wakidhani ni mtoto wao, wanampeleka nyumbani, na huko ndani anakula watoto wao miezi kama kumi. Sisimizi hao wanataka udongo wenye joto. Nyasi ikizidi upana wa vidole viwili hivi, jua halifiki chini, udongo unapoa, sisimizi wa aina hiyo wanahama wanakuja wengine, na kiwavi anakufa. Watu walikuwa wameweka ua kuzuia watu wasikamate vipepeo na ng'ombe wakazuiwa pia, yaani walimfungia kipepeo nje ya maisha yake, na mwaka 1979 akatoweka Uingereza. Mtafiti Jeremy Thomas ndiye aliyegundua hiyo habari ya sisimizi, na miaka ya 1980 walileta vipepeo wengine kutoka Sweden, wakarudisha mifugo kwenye malisho, na leo wanaruka tena, lakini ni upande wa magharibi wa nchi, sio hapo Brighton.

Beba koti la mvua hata kukiwa na jua, tembea kwa njia iliyowekwa, na geti ukilikuta limefungwa ulifunge nyuma yako. Hayo ya geti sikufundishi, unayajua kutoka nyumbani.

*

"Habari Mwalimu. Sisi ni vijana wa Syokimau, tuko kama ishirini, na tumepata miche mia tano ya bure. Kuna uwanda mkubwa uko wazi upande wa Athi River hauna kitu, ni nyasi tu, tunataka kwenda kupanda miti huko tukifanya matembezi yetu. Mwenye ploti amekubali. Tunaomba ushauri ni miti gani itashika haraka."
Mwenyekiti wa vijana, Syokimau

Mwenyekiti, nia yenu ni njema na siwezi kuwakatisha tamaa, lakini jibu langu ni msipande huko. Nasema hivi nikijua vile nchi nzima imehamasika, serikali ilitangaza 13 Novemba 2023 kuwa siku ya mapumziko tupande miti na lengo ni miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Mti ni mzuri pale msitu ulipokuwa ukakatwa. Panda kando ya mto, panda shuleni, panda kwa mtaa wenu ambao hauna kivuli, ongeeni na watu wa misitu mjue ni wapi Karura ama msitu wa Ngong panahitaji. Lakini uwanda wa Athi hakuna mtu aliyeukata msitu. Ulikuwa nyasi tangu zamani, na ukitaka kujua sababu angalia udongo wake, ule mweusi wa pamba ambao mvua ikinyesha unashika gari mpaka mnaisukuma na jua likiwaka unapasuka nyufa za kuingiza mkono. Mizizi ya miti mingi haistahimili kuvutwa hivo kila mwaka. Nyasi inastahimili, na mizizi yake imeshuka chini na kushika udongo na kaboni ambayo nyinyi mnataka kuiokoa.

Mti wa pale upo, ni ule mgunga mdogo mfupi wenye miiba na vinundu vyeusi vya mviringo. Mkienda muukaribie polepole, uguse tawi kidogo na kijiti, mtaona chungu wadogo wanamiminika nje ya matundu ya vinundu mikia imeinuliwa, wako tayari kumpigania mwenyeji wao. Mti unawapa nyumba na utomvu mtamu, wao wanamfukuza anayekula majani. Na upepo ukipita kwenye matundu hayo unapiga mbinja. Hiyo mtu hawezi kuipanda kwa siku moja ya miche mia tano.

Na "hauna kitu" hiyo ndio inaniuma zaidi. Mvua ikishika na nyasi ikipanda, nyanda hizi mpaka ndani ya Nairobi National Park anakuja ndege mmoja anayepatikana Kenya na Tanzania tu, Euplectes jacksoni. Jike ni wa kahawia humtambui kwa shomoro, lakini dume anageuka mweusi na mkia mrefu uliojipinda nyuma. Anakanyaga nyasi anatengeneza uwanja wa duara, katikati anaacha kifungu kimoja kimesimama, alafu anaruka juu na kushuka, juu na kushuka, akizunguka kile kifungu, jike aje. Ukiangalia uwanda kutoka mbali unaona vitu vyeusi vinarukaruka juu ya nyasi vikizama tena. Ukipanda miti pale uwanja wake umekwisha, na kunguru na mwewe wamepata mahali pa kukaa wakihesabu viota vya ndege wote wanaotaga chini.

Haya yameshatokea mahali pengine. Nenda Kinangop, huko Nyandarua, kuna ndege wa manjano kifuani anaitwa soamanzi, Macronyx sharpei, hapatikani nchi yoyote duniani ila Kenya, anataka nyasi ya mafungu mafungu ajenge kiota chini. Mashamba yakalimwa viazi na kabichi, mengine yakapandwa mikaratusi, na sasa yuko kwenye orodha ya walio hatarini kutoweka. Nature Kenya, shirika la kuhifadhi mazingira, wamelazimika kununua vipande vya ardhi ili nyasi ibaki nyasi. Na hapa kwetu nyumbu waliokuwa wakihama kati ya Park na nyanda za Kitengela na Kapiti walikuwa makumi ya elfu miaka ya 1970, sai wamebaki wachache mno, kwa sababu ya ua na waya na ploti za hamsini kwa mia. Kuanzia mwaka 2000 kulikuwa na mpango wa kuwalipa wenye ardhi Kitengela dola nne kwa ekari kwa mwaka wasizungushie ua, na hiyo imeonyesha kwamba uwanda wazi unaweza kuwa na bei hata bila kuujengea. Nyumbu anapokosa kuja, nyasi inazeeka, inasimama ndefu kavu, na swala wadogo wanaihama kwa sababu hawaoni simba anakuja. Ni yale yale ya mzee wa Kiserian na kondoo wa Brighton, nyasi isipoliwa inajimaliza.

Mikono ishirini ina kazi nyingi kule. Waombeni mwenye ploti na KWS, wale wa kulinda wanyamapori, wawaonyeshe wapi kuna waya za zamani za kukunja, plastiki za kuokota, na lile gugu lenye maua madogo meupe linaloitwa parthenium, ambalo limeingia nyanda hizi na linanyima nyasi nafasi, mifugo hawalitaki. Ling'oeni kabla halijatoa maua, na mvae glavu na mikono mirefu manake linawasha ngozi vibaya. Miche yenu ipelekeni kando ya mto.

*

"Je tunaweza kutembea kwa miguu ndani ya Nairobi National Park, sisi ni kikundi cha kanisa?"
Msomaji, Rongai

Kutembea kiholela hapana, kuna simba, vifaru na nyati, unakaa kwa gari. Kuna sehemu chache zilizotengwa unaweza kushuka, kama pale pembe za ndovu zilipochomwa 1989, na kule kwenye mabwawa ya viboko kuna njia ya kutembea kando ya mto na renja akiwa nanyi. Kama mna watoto na wazee kuna Nairobi Safari Walk hapo nje ya geti kubwa la Lang'ata, unatembea juu ya daraja la mbao. Panda basi la kanisa mwingie asubuhi na mapema, msimamishe gari, mzime injini, mkae dakika kumi dirisha likiwa wazi. Kwa nyasi masikio yanafanya kazi kubwa kuliko macho.

*

"Mwalimu nataka kupeleka watoto wangu wawili, wa miaka saba na kumi, lakini naogopa nyoka na kupe. Na hao watoto huboeka haraka."
Mama, Umoja

Mama, hofu yako ni ya haki na haifai kukufunga nyumbani. Nyoka wengi wakisikia miguu wanaondoka. Wa kujihadhari naye kwa nyasi ni kifutu, mnene mfupi mwenye alama za mshale mgongoni, huyo hakimbii, analala tu njiani akitegemea rangi yake, kwa hivyo watoto wavae viatu vya kufunika na suruali ndefu, watembee nyuma ya mtu mzima, na wasiingize mkono kwa shimo ama chini ya jiwe. Ikitokea mtu ameumwa usikate, usinyonye, usifunge kwa nguvu, mtulize asitembee, mbebeni mpaka hospitali haraka. Kupe nao mkirudi nyumbani vueni nguo zote mkague kwapani, nyuma ya magoti, nyuma ya masikio, kwenye nywele. Ukimpata mshike na kibanio karibu kabisa na ngozi umvute moja kwa moja, usimchome na kiberiti. Mtoto akipata homa baada ya siku kadhaa mwambie daktari mlikuwa nyasini.

Kuhusu kuboeka, wape kinyesi. Nasema kweli kabisa, hakuna mtoto nimewahi kuona akichoka na kinyesi. Punda milia anaacha donge lenye nyuzi za nyasi, swala anaacha vidonge vidogo vingi mahali pamoja, na upande wa Ngong wakiona cheupe kikavu kinachovunjika kama unga hicho ni cha fisi, weupe unatokana na mifupa anayotafuna. Wavunje na kijiti, watafute manyoya ndani, na wakibahatika watamkuta yule mdudu anayeviringisha donge lake kwa miguu ya nyuma, basi hapo mtakaa nusu saa na wewe ndiye utakayewaomba muondoke.

*

"Tunahitaji kununua darubini za nini, mbona ni ghali hivo, na kama mtu hana kikundi anaanzia wapi?"
Msomaji, Kasarani

Kaka, usinunue bado. Kikundi kizima kinaweza kuanza na darubini moja ama mbili mkipokezana. Ukifika wakati wa kununua utaona nambari mbili zimeandikwa, chukua 8x42, ile nane ni mara ngapi inavuta na 42 ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita, hiyo inatosha asubuhi ya mapema na mkono hautetemeki nayo. Zile za 20 ama 30 wanazouza barabarani achana nazo, zinavuta sana lakini huwezi kuzituliza, na unachoona ni giza. Kabla ya kulipa ijaribu kwa kitu kilicho mita mbili kutoka kwako, ikiwa haioni vizuri karibu hivo haitakufaa kwa vipepeo. Za mtumba si mbaya ukikagua kama ndani hakuna ukungu. Kwa wadudu na maua nunua lenzi ndogo ya mkono, ni bei rahisi na mimi naiona ya maana kuliko darubini yenyewe.

Na kikundi kipo. Nature Kenya, ambao chama chao kilianzishwa mwaka 1909, wana matembezi ya ndege ya kila Jumatano asubuhi, kwa kawaida watu wanakutana Makumbusho ya Taifa pale Museum Hill saa mbili na nusu, kisha wanaamua pamoja waende wapi. Kwa miaka mingi, tangu miaka ya 1970, yameongozwa na Fleur Ng'weno, na kuna watu wazima leo wanaojua ndege kwa sababu alisimama akawangoja mpaka wakamuona ndege. Asiyekuwa mwanachama analipa ada ndogo. Wapigie simu kwanza uthibitishe, ubebe maji na daftari, ukifika sema wewe ni mgeni, mtu atakupa darubini yake uangalie. Na orodha yako ya ndege mliowaona usiitupe, kuna mradi unaitwa Kenya Bird Map unaopokea orodha kutoka kwa mtu yeyote, na kwa sehemu za nyasi upande wa Kasarani, Ruai na Kamulu, kila orodha ina maana kubwa sasa hivi kabla ya kujengwa kote.